Jicho Lisilogeuka

11 Februari

Mdogo wangu,

Hapa kwetu hakuna aliyelala kitandani. Shemeji yako alishikwa na mgongo, sasa amerudi kufundisha na analalamika kwa nguvu kuliko alipokuwa hawezi kusimama. Mpwa wako mkubwa amepata kazi ya kuuza bima. Tangu aipate hatuwezi kula mezani bila kutajiwa njia zote tunazoweza kufa. Mdogo wake hasemi na mtu, lakini ana miaka kumi na sita, nadhani ndivyo walivyo.

Sasa tuje kwako. Simu zangu hupokei tangu tumzike Mama. Anapokea mkeo, na wifi yangu unamjua, ukimwuliza neno zima anakupa nusu. Juzi nusu yenyewe ilikuwa hii: "Jicho linamsumbua." Nikauliza, linamsumbuaje? "Linamsumbua tu, wifi." Nikaaga haraka kabla mdomo wangu haujaniponza.

Ndiyo maana naandika. Simu unaweza kuizima. Barua itabidi uichane, na wewe tangu utotoni huwezi kuchana kitu chenye maandishi.

Jicho lina nini? Limeanza lini? Nani amelitazama, na alisomea wapi? Usinijibu kwamba unamshukuru Mungu. Nimekuuliza wewe.

Dada yako,
Wakili (jina mlilonipachika nikiwa sijafikisha umri wa kukata rufaa)


9 Machi

Dada,

Salamu. Sisi tupo. Wifi yako anashona sare za shule kama kawaida, chumba cha mbele kimejaa vitambaa vya bluu. Binti yangu, yaani binti yako, yuko mwaka wa mwisho wa shule. Ukuta wa jirani ulianguka na mvua, ukaangukia upande wake mwenyewe.

Jicho ni la kulia. Limetokeza kidogo, kope inashuka, na haligeuki. Nikitazama mbele ni sawa. Nikitazama kulia, jicho la kushoto linakwenda, la kulia linabaki. Hapo kila kitu kinakuwa viwili.

Sikugundua mapema. Kazi yangu ni kutazama mbele tu, kioo kiko mezani, rula iko juu yake, kisu kinapita. Kilichoniumbua ni kioo cha kinyozi, kile kikubwa cha ukutani. Nilikipima, nikakifunga, nikaondoka. Kesho yake akaja dukani. "Fundi, wateja wangu wanajiona wamelalia upande." Nikamwambia ni shingo zao. Akasema, "Wote?" Nikaenda na pimamaji. Kioo kilikuwa kimepinda hata mtoto angeona.

Wifi yako akanipeleka hospitali. Wakasema ni tezi la shingo, kwamba tezi likiharibika macho hutokeza. Nikapewa vidonge. Nimevimeza miezi minane. Mwezi uliopita daktari mwingine akasema tezi langu halina shida, akakata kipande cha nyama nyuma ya jicho. Nasubiri majibu.

Kazini nimebandika karatasi ya gundi kwenye kioo cha kulia cha miwani. Nafanya kazi kwa jicho moja. Sina la zaidi.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Shemeji yako anakusalimu na kuuliza kama bado unavuta sigara. Mimi nimeacha kumuuliza maswali ya namna hiyo, kila mtu na dhambi zake. Muuza bima amepata mteja wa kwanza, ambaye ni mimi. Sikupewa nafasi ya kukataa.

Miezi minane! Miezi minane mtu anameza vidonge vya tezi na tezi lenyewe ni zima! Walipima damu yako mara ngapi kabla hawajakuandikia? Au walikutazama usoni wakaona jicho limetokeza, wakafungua ukurasa ule ule waliomfungulia mgonjwa wa jana yake? Wewe ukikata kioo kifupi, mteja anakirudisha dukani na unakata kingine. Daktari akikosea, anayerudishwa ni nani? Ni wewe wewe, kwenye foleni ile ile, na kadi ile ile iliyopasuka kwenye mkunjo. Halafu tunaambiwa tuwe na subira. Subira ni dawa ambayo haijawahi kupungua kwenye hospitali yoyote.

Na wewe! Miezi minane ulikaa kimya kama gunia. Hukuona vidonge havisaidii? Hukuwa na mdomo? Ungeniambia ningewafuata mpaka mlangoni. Mwenye makosa katika jambo hili si hospitali peke yake, nakwambia wazi.

Acha kupanda ngazi na kioo mkononi wakati unaona ngazi mbili. Hilo si ombi.

Majibu yakitoka nataka neno kwa neno alivyosema daktari. Usinikatie nusu kama mkeo.

Wakili


30 Aprili

Dada,

Tumeipata barua yako. Wifi yako aliisoma pia, akasema asante kwa salamu zake.

Majibu yalitoka wiki mbili zilizopita. Nilichelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Umetaka neno kwa neno, haya.

Ugonjwa unaitwa amiloidosisi. Daktari alisema kuna protini mwilini inakunjwa vibaya. Ikikunjwa vibaya haiyeyuki, mwili hauwezi kuila wala kuitoa, kwa hiyo inatuama mahali na kukaa hapo. Kwangu imekaa kwenye misuli inayogeuza jicho. Misuli imekuwa minene na migumu. Nikamwuliza, kama zege? Akafikiri, akasema, "Kama nta." Alinionyesha picha. Wanakitia kile kipande rangi nyekundu, halafu wakikiwekea mwanga wa namna fulani kinang'aa kijani kibichi. Ni rangi nzuri. Nilimwambia hivyo, akanitazama.

Akasema kuna habari mbili na hajui ipi ni yangu. Kwa watu wengine inakaa jichoni tu, haiendi kokote, wanaishi nayo mpaka uzee. Kwa wengine inatengenezwa kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, inasafiri na damu, na jicho ni mahali pa kwanza tu ilipoonekana. Hiyo ikifika moyoni inaua. Anataka kunipima damu, mkojo, uboho wa nyonga na moyo.

Nimekataa. Nimemwambia nilikuja kwa ajili ya jicho, amelijua jicho, inatosha.

Safari hii usiniandike gazetini. Nakuomba. Ile makala yako ya mwaka jana, ya wanaume wanaorithi nyumba na kushindwa kumtazama dada yao usoni, hakuna jina ndani yake, lakini watu wanajua kusoma. Kinyozi aliibandika karibu na kile kioo.

Siku ile ya kikao cha mirathi, baada ya kumzika Mama, ulikaa upande wangu wa kulia. Sikuwa nakukwepa. Nikikutazama upande ule nilikuwa nakuona wawili, na mimi mmoja tu ananitosha.

Mdogo wako


12 Mei

Mdogo wangu,

Hapa ni joto na vumbi, umeme unakatika mchana. Wote wazima.

Hayo ya kikao nimeyasoma. Tuendelee.

Utapima. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa, na sijaona sababu hata moja ndani yake. Umeandika "inatosha." Inamtosha nani? Kuna habari mbili, moja inasema utakula ugali wa mkeo ukiwa kikongwe mwenye jicho moja zito, nyingine inasema kuna kitu kinafanya kazi ndani yako sasa hivi wakati unapima madirisha. Na kuna dawa za hiyo ya pili, nimeuliza. Nimemtafuta mtu anayejua, nikamsumbua mpaka akanijibu. Dawa zinasaidia zikianza mapema, kabla moyo haujajaa. Zikianza mwisho hazisaidii kitu. Kwa hiyo kila wiki unayokaa hapo na karatasi yako ya gundi kwenye miwani, unachagua, hata kama unajidanganya kwamba hujachagua.

Najua utakachosema. Utasema unataka amani. Hiyo si amani. Umejifungia chumbani na kuzima taa, basi. Nimepigana maisha yangu yote na watu wanaotaka wengine wasijue, mawaziri, wakurugenzi, wachungaji, masheikh, wakuu wa shule. Sikutegemea kumkuta mmoja wao kwenye nyumba ya mama yangu akijifichia mambo yeye mwenyewe.

Mkeo anasema nini? Au naye kapewa nusu?

Una binti. Piga moyo konde, nenda. Nataka tujue mbivu na mbichi kabla mwezi haujaisha.

Wakili


17 Juni

Dada,

Salamu kutoka kwa wote. Binti yako anafanya mtihani wiki hii, usiku taa ya sebuleni haizimwi. Wifi yako amemaliza sare.

Nimekwenda. Walichukua damu na mkojo. Kwenye nyonga walichoma sindano nene, nikasikia kama mtu ananyonya mfupa kwa mrija. Haikuuma sana. Moyo waliupima kwa mashine, unalala ubavu, wanakupaka kitu cha baridi kifuani. Aliyekuwa anapima alikuwa anamweleza mwenzake habari za friji lake linalovuja. Akafika katikati ya hadithi akanyamaza. Akaendelea kupima. Yule mwenzake akauliza, "Halafu?"

Majibu yameshatoka ama yanakaribia. Mimi sitayachukua. Nimesaini kwamba apewe dada yangu, nikaacha namba yako. Daktari hakutaka, akasema hajawahi kuombwa hivyo. Nikamwambia dada yangu ndiye aliyetaka kujua, na hakuna mtu nchini anayejua kutaka kama yeye. Akakubali, ila akasema kama kuna la kufanya, lisicheleweshwe.

Kwa hiyo jua wewe. Mimi usiniambie, yakiwa mabaya wala yakiwa mazuri. Wifi yako usimwambie. Nikiwa tayari nitauliza.

Usifikiri naogopa. Nimejaribu kuogopa, haiji. Naamka, nabandika karatasi kwenye miwani, nakata vioo, narudi, nalala. Wifi yako analia akidhani nimelala, na mimi namsikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Siku zinapita hivyo na sizioni mbaya. Nikishajua, hii nayo itaondoka, na sijui kitakuja nini badala yake.

Mdogo wako


25 Juni

Wewe mtu,

Sikubali!

Mimi si kabati lako la kuwekea vitu usivyotaka kuviona. Nilisema ujue wewe. Sikusema nijue mimi halafu niufunge mdomo, mimi ambaye tangu nizaliwe sijawahi kuufunga hata kanisani. Na yakiwa mazuri? Nikae na habari njema kooni kama mtu aliyemeza mwiba, wakati wewe huko unahesabu vioo na mkeo analia? Na yakiwa mabaya? Nikuandikie nini? Habari za umeme?

Huu ni ujanja, na ninautambua, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukifanya tukiwa watoto. Ukivunja kitu ulikuwa unakuja kuniambia mimi, kisha unakwenda kulala, na mimi ndiye nakaa macho kumsubiri Baba. Umri wako unakaribia hamsini!

Sitaandika gazetini, kama hilo ndilo lililokuwa likikusumbua. Lakini daktari wako akipiga simu, sitapokea. Nitamwambia kijana wa mapokezi aseme nimesafiri. Mwambie hivyo.

Wakili

Anapiga saa ngapi huwa? Mchana simu yangu inakaa mkobani, sisikii.


16 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe, wifi yangu na binti yangu. Sisi hapa ni wazima. Shemeji yako anakusalimu sana. Wapwa zako pia. Hali ya hewa imekuwa nzuri kidogo, asubuhi kuna ubaridi.

Nimefikiri niliyokuandikia mara ya mwisho. Ulikuwa na haki ya kuomba ulichoomba, na nimekitunza. Usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Mpe wifi pongezi zangu kwa kumaliza zile sare. Si kazi ndogo. Huwa nafikiri sijawahi kumwambia jinsi alivyo mvumilivu na jinsi nyumba ile inavyopendeza kwa mikono yake. Mama alimpenda sana. Hata ile tabia yake ya maneno machache, nadhani ni hekima.

Ukipata nafasi, ungepita kwa daktari. Hakuna cha kukutisha, ni kumsalimia tu na kuongea. Ingekuwa vizuri wiki hii, lakini ukiona una kazi, wiki ijayo mwanzoni pia ni sawa. Kazi unaweza kumwachia mtu. Vioo vizito mwachie mtu.

Makala ya wiki hii sikuandika. Mhariri ameweka tangazo la magodoro mahali pake. Nimelitazama, halina makosa.

Jitunze. Kula vizuri. Nakukumbuka.

Dada yako akupendaye


29 Julai

Dada,

Salamu. Binti yako amemaliza mtihani. Analala mchana kutwa.

Barua yako niliisoma dukani, mara moja, nikaikunja. Kulikuwa na mteja anasubiri kioo cha kabati. Nikamkatia kioo chake. Kilitoka sawa.

Jioni nikampa wifi yako aisome. Alisoma akiwa amesimama jikoni. Alipofika pale unapomsifu akarudi mwanzo, akasoma tena. Akaniuliza, "Nani amekufa?"

Nikamwambia, "Bado hajafa mtu."

Akakaa chini. Ndipo nikamweleza yote, hata yale niliyokukataza kumwambia. Kwa hiyo hujavunja ahadi. Hukusema neno. Ila ungetaka nisijue, ungenitukana kidogo, Dada. Ungelalamikia hata stempu. Umeniruhusu kila kitu kuanzia juu mpaka chini ya karatasi, nikajua.

Kesho yake tulikwenda pamoja. Daktari alishangaa kwamba sikuuliza kama ni jicho tu. Nilimwambia naomba aanzie kwenye moyo. Ukuta wa moyo umeanza kunenepa, si sana. Ile protini inatengenezwa kwenye uboho kama alivyohofia. Kuna sindano ya kila wiki, wanachoma kwenye ngozi ya tumbo, pamoja na vidonge. Hawawezi kuondoa iliyokwisha kutuama, wanajaribu kuzuia nyingine isitengenezwe. Jicho huenda likabaki hivi. Akasema tumekuja katika wakati ambao bado anaweza kuahidi kujaribu. Wifi yako aliandika kila kitu mkononi kwa kalamu, kwa sababu hatukuwa na karatasi.

Nimechomwa sindano ya kwanza Ijumaa.

Uliniuliza siku nyingi kwa nini sitaki kujua. Nilidhani kuna kitu kikubwa nyuma ya mlango na kikitoka kitaniangusha. Mlango umefunguka, hakuna kitu. Ni mimi yule yule nimekaa kwenye benchi la hospitali, natazama mbele. Labda kitakuja baadaye. Wifi yako anasema nisikisubiri.

Nina ombi moja. Usiniandikie tena barua kama ile. Hapa nyumbani kila mtu sasa ni mpole. Jirani ananiletea kiti. Kinyozi ananinyoa na hasemi kitu. Nikikohoa wanageuka wote. Abaki hata mtu mmoja anayeniona kama nina makosa.

Mdogo wako


7 Agosti

Wewe,

Salamu sikupi. Zimeisha.

Nimempigia mkeo, na kwa mara ya kwanza tangu umwoe amenipa habari nzima, mpaka nikamwomba apumzike. Ananiambia siku ya pili baada ya sindano ulikwenda kupandisha kioo cha duka ghorofani. Ghorofani! Una jicho moja linalofanya kazi, moyo uliopimwa ukakutwa mnene, dawa mwilini ambayo bado hujaijua, na unabeba kioo ngazini kwa sababu mteja amesema ana haraka? Mteja huyo ni nani? Nipe jina lake. Na wale vijana uliowafundisha kazi, mikono yao wameitia mifukoni?

Umeniambia huhisi kitu. Sawa. Mimi nilipopokea simu ya daktari nilikuwa naosha masufuria, nikakata simu, nikamaliza kuosha masufuria. Nikayapanga. Mpaka leo sijui nilikuwa nafanya nini. Kwa hiyo usijione wa pekee, katika hilo pia una makosa. Si lazima uhisi kitu ili uende hospitali Ijumaa. Unatakiwa uwe na miguu, na unayo.

Na lile la kikao. Hata kama ulikuwa unaniona wawili, ulikuwa na mdomo. Ungesema. Ungeinua mkono ukasema, "Dada, hamia upande wa pili." Maneno matano. Mwaka mzima nimegombana na jicho lako nikidhani nagombana na wewe, na wewe ukaniacha. Hilo sijalimaliza.

Nimekata tiketi. Nafika Jumamosi asubuhi, nakaa mpaka nitakapochoka au mkeo atakaponifukuza. Usije stendi kunipokea. Usipike. Ngazi zote nitakazozikuta uani zitauzwa.

Jiandae kujibu.

Wakili